Saa Nane Usiku pale Trident: Queen na Mkataba wa 1972

Saa nane usiku ndiyo ilikuwa saa yao. Mwaka 1972, studio za Trident, zilizokuwa kwenye kichochoro cha St Anne's Court katika eneo la Soho, London, mchana hazikuwa na nafasi. Mchana na jioni walikuwamo wenye pesa. David Bowie alikuwa ametoka kurekodi humo Ziggy Stardust. Elton John alikuwa mteja wa nyumba. Agosti ya mwaka huo Lou Reed akaingia kutengeneza Transformer. Wakubwa hao wakishaondoka na vikombe vya chai vimeachwa juu ya spika, ndipo vijana wanne wasiojulikana walipoingia na magitaa yao, wakafanya kazi mpaka wafagizi wafike asubuhi.

Mlangoni hawakudaiwa hata senti. Studio ile ilikuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa London, na vijana wale hawakuwa na uwezo wa kuikodi hata kwa saa moja. Waliingia kwa sababu wenye studio walikuwa wamewachukua wawe mali ya nyumba, na masaa yale ya usiku yasingemletea mtu faida yoyote taa zikizimwa.

Kisa hiki ni cha miaka mitatu tu katika historia ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, kuanzia 1972 hadi Agosti 1975, na kinahusu makaratasi kuliko muziki. Simulizi iliyozoeleka ni fupi: wenye studio waliwanyonya vijana, vijana wakajinasua, wakawatungia wimbo wa matusi. Nikiirudia simulizi hiyo naona kuna kitu hakikai sawa. Mkataba uleule unaolaumiwa kwa kuwaacha mifuko mitupu ndio uliowapa sauti ambayo dunia inawatambua kwayo. Ubaya wake ulikuwa mahali pengine, na si mahali ambapo watu wengi hupanyooshea kidole.

Vijana wenyewe

Brian May, mpiga gitaa, alikuwa akisomea uzamivu wa elimu ya nyota pale Imperial College, akichunguza vumbi la angani. Gitaa lake alilichonga mwenyewe na baba yake, shingo yake ikitoka kwenye mbao za meko kuukuu. Roger Taylor alifika London kusomea meno, yakamchosha, akahamia biolojia. Moyo wake ulikuwa kwenye dramu. Tangu 1968 wawili hao walikuwa na bendi iitwayo Smile, pamoja na Tim Staffell aliyeimba na kupiga besi. Staffell alipojitoa mwaka 1970, nafasi ikachukuliwa na rafiki yake wa chuo cha sanaa cha Ealing, kijana ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiwafuata Smile kwenye maonyesho na kuwaambia bila haya wanapokosea. Jina lake Farrokh Bulsara. Marafiki walimwita Freddie, na jina la Mercury akajipa mwenyewe.

Hapa ndipo sisi wa pwani tunapoingia kwenye kisa, na tunaingia kwa haki. Freddie alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu katika serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, akarudi nyumbani 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Wageni wanaopiga picha mbele ya makumbusho yake pale Shangani huzungumzia sauti. Mimi hunijia yule baba keshia: mtu aliyekula kwa kuhesabu fedha za watu hadi senti ya mwisho, na mwanawe akaja kusaini karatasi ambazo hesabu yake ilichukua miaka mitatu na wakili mzuri kuifumbua.

Walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1970 huko Truro, Cornwall, kwenye hafla ya kuchangia Msalaba Mwekundu ambayo mama yake Taylor alihusika kuiandaa. Bado walikuwa wametangazwa kwa jina la Smile. Wapiga besi watatu wakaja na kuondoka. Wa nne, John Deacon, mwanafunzi wa elektroniki wa Chelsea College, aliingia mapema 1971 na hakutoka. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mumkumbuke, maana nyumba yake itakuja kuwa sehemu ya kesi.

Riziki ilitafutwa kwa namna zote. Mercury na Taylor walikuwa na kibanda katika soko la Kensington wakiuza mitumba: makoti ya zama za babu zao, mahameli, shali, vitu vya kumfanya mtu aonekane mfalme aliyefilisika. Ukitazama picha za bendi za miaka ile utaona walikuwa wakijivalia bidhaa za kibandani.

Demo ya bure, ambayo kweli ilikuwa ya bure

Kabla ya Trident kulikuwa na Wembley. Studio za De Lane Lea zilikuwa zimehamia huko kwenye jengo jipya lenye vyumba kadhaa vya kurekodia, na mafundi mitambo walitaka kujua kama sauti ya chumba kimoja inavujia kingine. Unapoezeka paa jipya unamwaga maji kuona panapovuja. Wao walihitaji bendi yenye kelele. May alikuwa akifahamiana na mmoja wa mafundi, basi mwishoni mwa 1971 Queen wakaitwa: njooni mpige kwa sauti ya juu kadiri mtakavyoweza, na ujira wenu utakuwa kurekodiwa demo, yaani kanda ya kuwaonyesha watu mnachoweza.

Walitoka na nyimbo tano, zikiwemo Keep Yourself Alive, Liar na The Night Comes Down. Bendi isiyo na lebo, yaani kampuni ya kuitolea santuri, kuwa na demo iliyorekodiwa kwenye mitambo mipya ya kiwango kile lilikuwa jambo la nadra.

Naipa uzito demo hii kwa sababu nadhani iliwazoesha jambo. Wembley walilipwa kwa saa za studio badala ya fedha, mambo yakaisha vizuri, hakuna aliyewaletea bili. Ofa ya Trident ilipokuja ilikuwa na sura ileile: studio nzuri, hakuna cha kulipa. Tofauti ni kwamba hii ya pili ilikuwa na daftari nyuma yake.

Demo ilipelekwa huku na kule. Lebo ya Charisma iliwataka, wao wakasita, wakihofia kwamba pale wangekaa siku zote nyuma ya Genesis, bendi ambayo lebo hiyo ilikuwa nayo tayari. Wakati huohuo maprodyuza wawili, John Anthony na Roy Thomas Baker, waliofika De Lane Lea kuangalia mitambo, waliwakuta wakipiga. Habari wakazirudisha Trident.

Nyumba moja, milango mitatu

Trident ilikuwa ya ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield. Norman si mfanyabiashara aliyezuka tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mpiga dramu wa bendi iitwayo The Hunters. Studio yao ilipofunguliwa 1968 ilikuwa na mashine ya kurekodi njia nane, yaani sauti nane kila moja peke yake kwenye kanda moja, wakati studio kubwa za London zilikuwa bado na nne, na hiyo ndiyo iliyowavuta hata Beatles wakaja kurekodi Hey Jude pale. Piano unayoisikia kwenye wimbo ule ni Bechstein ya Trident.

Lakini kukodisha vyumba kuna ukomo. Mteja akiuza santuri milioni, mwenye studio anabaki na ada yake ya saa. Akina Sheffield wakafikiri, na fikra yenyewe ilikuwa na akili: tuchukue wasanii wetu, tuwarekodi kwenye saa zilizolala, halafu kanda tuziuzie lebo. Queen wakawa miongoni mwa wasanii hao. Kazi studioni ilianza katikati ya 1972 na mikataba ikasainiwa Novemba.

Mikataba ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulihusu kurekodi: Trident inatengeneza albamu, kanda ni zake, yeye ndiye anayeongea na lebo. Wa pili ulihusu haki za utunzi, yaani fedha zitokanazo na nyimbo zenyewe zikipigwa redioni au kuimbwa na mwingine. Wa tatu ulihusu umeneja. Ukichukua kila mmoja peke yake, ulikuwa mkataba wa kawaida wa zama zile. Bendi zilisaini hivyo kila wiki.

Sasa tufuate safari ya pauni moja. Mtu ananunua santuri ya Queen dukani. EMI, iliyoichapa na kuisambaza, inalipa mrabaha, yaani fungu la mauzo, kwa yule aliyeingia naye mkataba, na huyo ni Trident. Trident inafungua daftari na kukata kilichotangulia: vifaa, posho za wiki, gharama za kutengeneza albamu, safari. Kinachosalia kinagawanywa. Katika fungu la wanamuziki kuna sehemu ya meneja, na meneja ni Trident. Pauni nyingine imekuja kwa njia ya redio, ikapitia kwa mwenye haki za utunzi, ambaye naye ni Trident.

Kukata gharama si kosa. Kila aliyewahi kumdhamini msanii anajua kwamba anayetanguliza lazima ajirudishie. Kosa la muundo ule lilikuwa dogo na la kuua. Kazi ya meneja ni kwenda kugonga meza ya prodyuza na kusema, leteni hesabu, vijana wangu hawajalipwa. Ni kazi ya mabishano. Meneja wa Queen angegonga meza ya nani? Kulikuwa na Mmarekani, Jack Nelson, aliyewashughulikia siku kwa siku na kuhangaika kweli kuwapatia lebo, lakini naye alikuwa mtu wa nyumba. Waswahili tuna namna yetu ya kulisema hili: kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Na uzuri wa msemo ni kwamba haudai nyani awe mwovu. Inatosha kwamba ni nyani.

Usiku ulichokifanya kwenye sauti

Turudi studioni kidogo, maana hapa ndipo wanaoiita Trident jambazi wanapopita haraka mno.

Chumba cha kupigia kilikuwa chini, cha mitambo juu, fundi akiwatazama wanamuziki kupitia dirisha kubwa. Mashine wakati huo ilikuwa ya njia kumi na sita. Mtindo wa Queen, kurundika sauti juu ya sauti na gitaa juu ya gitaa mpaka watu wanne wawe kwaya na okestra, unakula muda kupita kiasi. Sauti moja ya kuitikia inaimbwa na watatu, inarudiwa, inarudiwa tena, zinaunganishwa, ndipo mnaanza inayofuata. Bendi changa iliyolipia kwa saa ingeambiwa iimbe mara mbili na kwenda nyumbani. Hawa walikuwa na usiku kucha, na prodyuza, Baker, aliyekuwa mkaidi kama wao.

Wakati huohuo hawakujua lini hasa wataingia. Mteja akichelewa kutoka, wao wanakaa nje. Wimbo unaanzwa wiki hii, unamaliziwa mwezi ujao. Taylor na May hawakuipenda sauti ya dramu: Trident ilikuwa na kibanda kidogo cha dramu, kikavu, na wao walitaka mwangwi wa ukumbi. The Night Comes Down waliirekodi upya, wakaisikiliza, wakaitupa. Iliyomo kwenye albamu ni ile ya demo ya Wembley. Keep Yourself Alive ilichanganywa, yaani kupimwa ipi sauti iwe juu na ipi chini, mara nyingi bila mtu kuridhika, mpaka kijana msaidizi, Mike Stone, alipoitengeneza ikakubalika.

Usiku mmoja wakiwa wanasubiri zamu, prodyuza mwingine wa nyumba hiyo, Robin Cable, alimwomba Mercury amwimbie wimbo wa zamani aliokuwa akiujaribu, I Can Hear Music. May na Taylor nao wakaingia. Ulitoka 1973 kwa jina la msanii asiyekuwepo, Larry Lurex, na ukazama.

Na kuna kile kifaa cha Deacon. Mwaka 1972 aliokota bodi ya saketi kwenye pipa la taka la barabarani, akiwa anatoka mazoezini, akaipachika ndani ya boksi la spika kuukuu, akapata amplifaya ndogo ya kuendeshwa kwa betri. May akaunganisha gitaa lake humo na kugundua kwamba linaweza kulia kama zumari, kama tarumbeta, kama fidla. Sehemu kubwa ya “okestra” za Queen miaka iliyofuata zilitokea kwenye kile kidude cha jalalani. Kwenye jalada la albamu ya kwanza waliandika kwa kiburi kwamba hakuna aliyepiga sinteza, kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme. Jina la Deacon lenyewe liliandikwa kinyume, Deacon John, na inasemekana halikumfurahisha.

Kungoja

Albamu ilikamilika Novemba 1972. Ilifika madukani tarehe 13 Julai 1973.

Katikati hapo Trident ilikuwa ikitafuta mnunuzi wa kanda. EMI ilisaini Machi 1973, na huko Marekani ikawa Elektra. Miezi minane kwa bendi yenye haraka ni mirefu, hasa kipindi kile ambapo vijana waliojipaka rangi usoni walikuwa wakimiminika kwenye chati. Albamu ilipotoka, magazeti yaliwaona Queen kama wafuasi wa mtindo ambao wao walidhani wanauanzisha. Singo ya Keep Yourself Alive haikuingia chati. Santuri ya majaribio ilifika BBC, kwenye kipindi cha Old Grey Whistle Test, ikiwa na lebo nyeupe isiyo na jina. Watayarishaji waliipenda bila kujua ni ya nani, wakaipiga juu ya filamu ya zamani, watazamaji wakapiga simu kuuliza.

Mengine yalikwenda mbio. Agosti 1973 waliingia studio kutengeneza Queen II, safari hii kwa ratiba ya maana, si kwa kuviziavizia. Mwishoni mwa mwaka walizunguka Uingereza wakiwatangulia Mott the Hoople jukwaani. Februari 1974 kipindi cha Top of the Pops kilikosa picha za wimbo wa Bowie, Queen wakaitwa kuziba pengo, na Seven Seas of Rhye ikafika nambari 10. Queen II, iliyotoka Machi, ikafika nambari 5. Mwezi wa Novemba ikaja Sheer Heart Attack, nambari 2. Wimbo wake Killer Queen nao nambari 2, na Marekani ukafika 12.

Nambari mbili, na fimbo za dramu

Hapo ndipo kisa kinapokaza. Nje, watu waliamini akina Queen ni matajiri. Mavazi yao yalisema hivyo, na wimbo wao mkubwa ulizungumzia shampeni. Ndani, posho ilikuwa imeanza kwa pauni 20 kwa wiki kila mmoja na kupanda hadi 60. May aliishi kwenye chumba cha kupanga. Taylor aliambiwa apunguze nguvu za kupiga kwa sababu fimbo mpya zinagharimu. Mercury alitaka piano kubwa ya kutungia, akaambiwa subiri.

Deacon alioa Januari 1975, mke akiwa mjamzito. Aliomba atangulizwe pauni 4,000 kama kianzio cha kununua nyumba. Akakataliwa. Kati ya yote hili naona ndilo lililovunja kitu. Mercury kudai piano kwa kupiga ngumi mezani ni tabia yake na unaweza kuichukulia kuwa maigizo. Lakini Deacon alikuwa ndiye mwenye kusoma hesabu katika bendi, asiyedai kitu, na alichoomba ni paa la familia yake.

Aprili 1975 walitua Tokyo, wakakuta maelfu ya mashabiki uwanja wa ndege, mabinti wakilia. Walipomaliza ziara walirudi London kwenye vyumba vyao vya kupanga.

Trident nayo ilikuwa na la kusema, na mimi huona halisikilizwi. Kufikia hapo walikuwa wameweka ndani ya Queen karibu pauni 200,000. Ziara ya Marekani ya 1974 ilikatika katikati May alipougua homa ya ini, na ziara iliyokatika haifuti bili zake. Juu ya hayo, mrabaha hauji siku santuri inaponunuliwa. Lebo hufunga hesabu kwa vipindi na kulipa miezi baadaye. Killer Queen ilipokuwa ikipigwa kila kona, fedha zake zilikuwa bado njiani. Norman Sheffield alishikilia hivyo hadi uzeeni: si kwamba alikalia fedha, bali fedha zilikuwa hazijaingia, na vijana walitaka kutumia kesho leo.

Naamini sehemu kubwa ya hoja hiyo. Na bado hainiridhishi, kwa sababu ndiyo hasa hoja ambayo meneja huru angeipima. Angeweza kuomba vitabu, akaona kipi kimeingia na kipi bado, kisha akawaambia wale vijana mojawapo kati ya mawili: tulieni, ni kweli, Juni mtalipwa, au, mnaibiwa. Angeweza pia kwenda EMI kuomba malipo ya awali kwa jina la bendi, kwa sababu lebo yenye wimbo nambari 2 haikatai kirahisi kumtunza mwenye wimbo. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Kila maelezo yaliyowafikia yalitoka upande mmoja wa meza, na ukweli ukitoka kwa mwenye maslahi unasikika sawasawa na uongo.

Wakili

Mtu wa upande wao alipatikana mwishoni mwa 1974, naye alikuwa mwanasheria, Jim Beach. Mazungumzo yalichukua miezi. Sitayafuata hatua kwa hatua. Majadiliano ya mawakili ni kama kutazama mpunga ukikauka. Tatizo lilikuwa kwamba mikataba ilikuwa halali, kwa hiyo uhuru ulibidi ununuliwe.

Agosti 1975 wakakubaliana. Queen walichukua haki zao za utunzi na kuingia mkataba wa moja kwa moja na EMI. Trident ilipata pauni 100,000 taslimu, fedha ambazo bendi haikuwa nazo na ilibidi zipatikane kwa kuweka rehani mapato yajayo ya utunzi, pamoja na asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zitakazofuata.

Meneja mpya akawa John Reid, aliyekuwa akimsimamia Elton John. Inafahamika alichowaambia, kwa maana yake: nendeni studio mtengeneze albamu bora kuliko zote, madeni niachieni mimi. Wakaenda. Walitumia studio kadhaa, wakarundika sauti mpaka utepe wa kanda ukaanza kupitisha mwanga, na A Night at the Opera ikatajwa kuwa miongoni mwa albamu ghali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Uingereza. Ujuzi wa kurundika waliutoa wapi tunajua: St Anne's Court, saa nane usiku. Bohemian Rhapsody ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975 na kukaa nambari 1 kwa wiki tisa.

Kuna watakaosema wangeweza kushindwa pale, na ni kweli. Albamu ile ingezama, Queen wangekuwa bendi yenye madeni pande zote na hadithi hii isingeandikwa na mtu. Beach naye hakusahaulika. Mwaka 1978 walipoachana na Reid walimfanya yeye meneja, mtu aliyeanza kwa kuwasomea mikataba.

Wimbo wa kufungua albamu ile ni Death on Two Legs. Hautaji jina la mtu, lakini ni matusi ya dakika tatu na zaidi kwa mtu fulani aliyewanyonya. Norman Sheffield alipousikia alilalamika kuwa amechafuliwa jina, na kwa kulalamika akajitaja mwenyewe. Suala likamalizwa nje ya mahakama. Mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake na kukipa jina linalogeuza la wimbo ule: Life on Two Legs.

Nami kila nikiusikia huwa nafanya hesabu ya keshia. Ya kwanza kati ya zile albamu sita ni hiyohiyo. Kila santuri ya A Night at the Opera iliyouzwa, matusi yakiwa upande wa kwanza, wimbo wa kwanza, ilipeleka asilimia 1 kwa waliotukanwa.